Chumba na sebule Magomeni, LUKU moja nyumba nzima: nikague nini kabla sijatoa kodi ya miezi sita?

Mgeni_wa_Jiji

Habarini wanajamvi. Nahamia Dar kikazi, na mke na mtoto wa miaka mitatu. Dalali ametuonyesha chumba na sebule Magomeni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, choo na bafu uani. Kodi 80,000 kwa mwezi, inatakiwa ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Wapangaji ni mchanganyiko: fundi cherehani Mkongo, vijana wawili Warundi, familia ya Kizaramo, na mama lishe wa Moshi. LUKU ni moja, kila chumba kinachangia 7,000 kwa mwezi na sisi tutahesabiwa vyumba viwili. Maji ya DAWASA, bili inagawanywa kwa vichwa. Mtaa tumeupenda, kituo cha mwendokasi ni dakika tano kwa mguu. Nikague nini, na niandikishe nini, kabla hela haijatoka mkononi?

Fundi_Mita

Mkuu, anza na LUKU, maana ndiyo inayogombanisha watu kwenye nyumba za namna hiyo kuliko hata choo.

Nyumba inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi huwa kwenye daraja la D1, uniti moja inakuja karibu sh. 122 pamoja na makato yote. Ikizidi hapo kwa mfululizo inahamishiwa T1, uniti inakuwa karibu 356. Sasa uniti 75 ukizigawa kwa vyumba sita, kila chumba kina 12 na nusu. Feni moja ya wati 60 ikizunguka saa kumi kwa siku inakula 18 kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba hiyo iko T1 tu, hakuna namna, na kila mpangaji ananunua umeme kwa bei ya mara tatu ya ile ambayo angenunua akiwa na mita yake na matumizi yake madogo.

Jumla yenu ni 42,000. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya majengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 (ilipoanza kukatwa kwenye LUKU 2021 ilikuwa 1,000). Inabaki 40,500, mnapata uniti 113 na kidogo. Nyie mnalipia theluthi, yaani uniti 38 hivi. Taa tatu za wati 9, feni, TV ndogo ya LED na pasi mara mbili kwa wiki vinafika huko huko, kwa hiyo hamuonewi sana. Lakini hata mkizima feni, mkapiga pasi kwa jirani, mtaendelea kulipa 14,000 vilevile.

Muulize fundi cherehani kama anashonea hapo nyumbani na kama mashine yake ni ya mota. Zile mota za zamani za klachi zinazunguka muda wote hata kama hujakanyaga pedeli. Ikila wati 250 tu kwa saa nane, ni uniti 2 kwa siku, 52 kwa siku 26 za kazi. Yeye anachangia 7,000, ambayo hainunui hata uniti 20. Hana kosa lolote, mchango ndio umepangwa kwa kuhesabu milango badala ya vyombo. Na friji la mama lishe mlitazame pia. Friji dogo linakula uniti 1 kwa siku, likiwa na mpira wa mlango uliochoka linafika moja na nusu.

Dawa ni sabmita, yaani mita ndogo ya ndani, kwa kila mpangaji. Ikifungwa, bei ya uniti mnaipata kwenye risiti: chukua hela iliyobaki baada ya kodi ya majengo, gawa kwa uniti mlizopata. Anayesema "uniti 500" anafanya biashara juu yenu.

Kuipima sabmita: zima kila kitu chumbani, chomoa chaja, tazama kitaa chekundu cha sabmita. Kikiendelea kupepesa, kuna mtu yuko kwenye laini yako. Kisha chomeka pasi ya wati 1,000, hesabu mipepeso kwa dakika moja wakati taa ya pasi inawaka. Mita iliyoandikwa 1600 imp/kWh (mipepeso 1,600 kwa uniti moja) itapepesa mara 26 au 27. Ikipepesa 40, hiyo mita ni ya kutupa.

Na soketi: ukiona plastiki imegeuka kahawia au imevimba, waya umelegea ndani. Mwenye nyumba abadilishe kabla ya kuhamia, maana ukishaingia itaitwa "uharibifu wa mpangaji".

Bi_Uani

Mdogo wangu, dalali amekupeleka saa ngapi? Kama ni saa nane mchana, hujaiona nyumba. Rudi mara mbili bila yeye. Saa kumi na mbili asubuhi uone foleni ya choo, na saa mbili usiku uone umeme, muziki, na nani anapika wapi.

Choo kimoja kwa kaya tano kinatosha kama karo ni zima. Mwaga ndoo nzima kwa mara moja. Maji yakishuka kwa kishindo, sawa. Yakipanda kwanza ndipo yashuke taratibu, karo limejaa au bomba limeziba. Zunguka nyuma utazame mfuniko wa chemba: udongo mbichi pembeni, au mfereji mdogo unaoelekea mtaroni, maana yake mvua ikinyesha huwa wanakitapisha. Magomeni maji ya ardhini yako juu, masika karo linajaa upesi. Gari la kunyonya si bei ya mpangaji. Liandikwe kwenye mkataba kuwa ni la mwenye nyumba, la sivyo mtachangishwa mwezi wa nne na tena wa sita.

Maji: omba kuona bili ya mwisho, usikubali kuambiwa. Deni linakaa kwenye mita ya nyumba, nyinyi wageni mkihamia leo DAWASA wakaja kukata kesho, mtakauka pamoja na waliolimbikiza. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Watu watatu wenye mtoto wanatumia madumu saba kwa siku, ni uniti nne na kidogo kwa mwezi. Kugawa kwa vichwa ni haki, ila ulizeni mapema mtoto mdogo anahesabika kichwa kizima au nusu, na mama lishe anaoshea wapi vyombo vya biashara. Kama bomba linatoka kwa mgao, tangi la nyumba lisipungue lita 2,000. Na kama kuna kisima, nawa mikono kwa sabuni ya mche: isipotoa povu, hayo ni ya chumvi, ya kudekia tu.

Sasa kuhusu kuishi mchanganyiko, kwa vile umetaja. Haina shida yoyote ikiwa kanuni za uani zinajulikana tangu siku ya kwanza. Ulizeni haya manne wazi, bila aibu: zamu ya kufagia na kuosha choo inaendaje, geti linafungwa saa ngapi na ufunguo anao nani, mgeni wa kulala anaruhusiwa siku ngapi, na kitimoto. Ndiyo, kitimoto, nyama ya nguruwe. Nyumba yenye Waislamu na Wakristo wanaotumia jiko moja la uani na kamba moja ya nguo, watu huelewana hivi: nyama hiyo inaliwa huko huko inakouzwa, au inapikwa kwa sufuria na jiko la mwenyewe upande wake, na mafuta hayamwagwi kwenye karai la kuoshea la pamoja. Ramadhani mtasikia sufuria saa tisa usiku, daku hiyo, si fujo. Jumamosi kuna kigodoro cha mtaani, ngoma ya usiku, hicho ni fujo, na hakuna kanuni ya nyumba itakayokizima.

Jiko la mkaa lisiingie ndani wala koridoni, hasa kwa mtoto. Korido ya nyumba hizo haina upepo milango ikifungwa, na moshi wake usioonekana unaua watu wamelala.

Mwembechai1

Fupi: Magomeni gani? Huku juu kuelekea Morogoro Road ni salama. Ukishuka Suna au upande wa Kigogo unakaribia Mto Msimbazi. Tazama ukuta wa nje na miguu ya milango: mstari wa tope, rangi iliyovimba usawa wa goti, tofali zilizopangwa mlangoni kama kizingiti kirefu. Hizo ni alama za maji. Halafu kuna nyumba za bondeni zilizobomolewa kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi. Pitia serikali ya mtaa uulize kama hiyo imo ndani ya mipaka. Usiulize kwa dalali.

Karani_wa_Mtaa

Wenzangu wamemaliza upande wa nyumba. Mimi nina upande wa karatasi.

Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005. Hakuna bei elekezi, na hakuna anayekataza kudaiwa miezi sita. Kinachokulinda ni mkataba wako na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Pango la mwaka mmoja au chini yake linaweza kuwa la mdomo na likawa halali, ila la mdomo utalithibitishaje?

Kwanza jua unayempa hela ni nani. Nyumba nyingi za zamani Magomeni ni za urithi. Mzee alishafariki, watoto ni saba, na anayekusanya kodi ni yule anayeishi karibu. Huyo akila miezi sita yako, dada yake akatokea na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, utalipa mara mbili. Omba kuona hati au leseni ya makazi. Jina likiwa la marehemu, omba nakala ya barua ya usimamizi, na anayesaini awe ndiye aliyetajwa humo. Jina la kitambulisho cha NIDA, la barua na la namba ya simu inayopokea hela yafanane. Ukituma kwa simu au benki, jina linatokea kabla hujathibitisha, soma kwa makini. Taslimu mkononi mwa dalali usitoe hata kama mvua inanyesha.

Kwenye mkataba yaandikwe: kodi na kipindi, tarehe ya kuanza iwe siku ya kukabidhiwa funguo wala si siku ya kulipa; kodi haipandi ndani ya kipindi; notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote; akikutoa kabla ya muda anarudisha miezi iliyobaki ndani ya siku 14; mchango wa LUKU na maji unavyokokotolewa; kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba na inakatwa kwenye pango; paa, karo na nyaya ni juu yake. Nakala mbili, mashahidi, muhuri wa serikali ya mtaa. Hapohapo uandikishwe kwenye daftari la wakazi, maana barua ya utambulisho utaihitaji mapema kuliko unavyodhani. Ushuru wa stempu ulipiwe, mkataba usio nao haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Mkikosana, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu Baraza la Kata. Tangu 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Dalali: alipwe ukiwa na ufunguo na mkataba. Na piga hesabu vizuri, 480,000 ya kodi na 80,000 yake ni 560,000. Kwa miezi sita ya kwanza unaishi kwa 93,000 na ushee, si 80,000. Jaribu kuomba miezi mitatu. Chumba kilichokaa wazi zaidi ya mwezi mara nyingi kinakubali.

Mgeni_wa_Jiji

Asanteni sana wakuu. Nimeuliza: nyumba ni ya marehemu baba yao, anayepokea ni kaka mkubwa, barua ya mirathi anasema "ipo kwa wakili". Sabmita anakubali ila ninunue mwenyewe. Tope ukutani hakuna.

Karani_wa_Mtaa

Barua iliyoko kwa wakili inapigwa picha na kutumwa kwa simu ndani ya dakika mbili. Mpe siku tatu. Isipokuja, mkataba wasaini warithi wote wazima mbele ya mwenyekiti, au uachane nayo. Usitoe hata "ya kushikia chumba".

Fundi_Mita

Sabmita nunua, lakini iandikwe kuwa ni yako na utaondoka nayo, au gharama yake ikatwe kwenye kodi ya mwezi wa saba wa kukaa hapo. Ikifungwa mpya kwako peke yako bila wengine, haitasaidia kitu: wao watasema uniti zilizopotea ni zako. Wafunge wote, au ongea na mwenye nyumba muombe LUKU ya pili Tanesco. Kwa mjini pasipohitaji nguzo kuunganishiwa ni 320,960, mkigawana kaya tano ni 64,000 na kidogo kila mmoja, na mnakatiana kwenye kodi.

Bi_Uani

Na kitasa badilisha siku ileile ya kuhamia. Ufunguo wa zamani wanao waliohama, na dalali naye anao.