Tupeane uzoefu: mambo ya dawa za kulevya yanayoamuliwa Vienna yalifikaje mtaani kwenu?

Mwana wa Rhonda, Nakuru

Wadau, kila mwaka karibu mwezi wa tatu mataifa hukutana Vienna kwenye Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya. Sisi huku tunasikia kwenye redio, tunabadilisha stesheni. Nauliza: yale mambo yamewahi kukugusa wewe, ama mtu wa kwenu? Naanza.

Mdogo wangu alianza na bangi, akaongeza muguka, ile miraa ya majani, kisha vidonge vya bugizi. Tukauza ng'ombe, tukampeleka rehab ya kwanza, kituo cha kuacha dawa (siitaji jina). Miezi mitatu ya maombi asubuhi na jioni, na kiboko kwa anayejibu. Alitoka amenenepa, ngozi inang'aa, mama akatoa sadaka ya shukrani. Wiki ya pili mtungi wa gesi ukapotea jikoni.

Rehab ya pili ilikuwa na mshauri mmoja, mama wa makamo mwenye mafaili mazito kama matofali. Kumbe alisomea mtaala wa Colombo Plan, shirika lenye makao yake Sri Lanka, mtaala uliogharamiwa na Marekani na kufundishwa nchi nyingi. Mimi mafaili hayakunivutia. Kilichonishangaza ni kwamba alituita sisi kwanza kabla ya mgonjwa. Akirudi, atalala wapi? Wenzake wanapitia njia gani? Nani hapa nyumbani anakunywa? Baba akaangalia viatu vyake. Tulikuwa tumejiandaa kulipa tu, si kuulizwa. Akatuambia kurudia si kiburi, ni kama sukari kupanda kwa mgonjwa wa kisukari, unarekebisha matibabu. Tangu 2022 kijana ameteleza mara moja, na siku hiyo alinipigia simu mwenyewe.

Teja Mstaafu, Kisumu

Mimi si ndugu ya mtu, ndiye mimi mwenyewe. Unga, yaani heroini, niliujulia Mombasa, nikarudi nao mtaani kwetu Nyalenda.

Sasa niko kwa methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya unga. Hapa Kenya ilianza mwisho wa 2014, hospitali ya Mathari, Nairobi, wafadhili wa nje wakishika mkono. Unakunywa kikombe mbele ya nesi, kila siku, hata Krismasi. Dawa hulipii. Nauli ndiyo inakumaliza.

Nyanya yangu alipofariki, matanga yalikuwa Butere. Kila alfajiri nilidandia matatu kuja Kisumu kunywa, nikarudi saa za uji. Watu wakanung'unika, huyu haheshimu maiti. Siku ya mazishi nikaona haya, sikuenda kunywa dawa. Jioni watu wakila, miayo ikaanza, kamasi, magoti yakauma kama yamepigwa rungu. Shangazi akadhani ni uchungu wa marehemu, akanikumbatia. Nikamwacha aamini hivyo.

Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada. Dawa yetu haikukatika, lakini kile kituo tulichokuwa tunaoga na kupata chai kikafunga mlango. Kila asubuhi kwenye foleni tulihesabu nani hajaonekana. Uchaguzi wa Marekani wamepiga wengine, miayo tunapiga sisi.

Boda wa Mpakani, Busia

Yangu haina Vienna, ina Uganda.

Sheria ya vileo ya 2010, ile tuliyoita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, ilikataza pombe ya pakiti Kenya. Uganda waliendelea nazo hadi 2019. Hebu piga hesabu ya miaka hiyo. Waragi, pombe kali ya Uganda, ilivuka njia za panya ndani ya soksi, ndani ya magunia ya mahindi, na nikiri, ndani ya kiti cha pikipiki yangu. Wanafunzi walinunua kwa pesa ya chapati. Polisi wetu walikimbiza vijana mpaka wakachoka. Kilichopunguza pakiti ni Kampala kuzipiga marufuku zisitengenezwe. Mimi kazi ikapungua, mke wangu akafurahi.

Binti wa Lugari

Mamangu mdogo alikuwa mpishi wa busaa, pombe ya kienyeji, na mnywaji pia. Kliniki ya Eldoret alikochukulia dawa za virusi vya UKIMWI, ile ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na cha Indiana, ilimwingiza kwenye kikundi cha kuacha pombe. Mshauri hakuwa daktari, na waliongea Kiswahili tupu. Kunywa aliacha. Kupika hakuacha haraka, maana karo ya watoto wanne ilitoka kwenye sufuria hiyo, na hakuna mfadhili aliyeuliza habari ya karo. Siku hizi anauza omena.

Mwana wa Rhonda, Nakuru

@Teja Mstaafu, pole ndugu yangu. Kwani hawakuwa na njia ya kukupa dozi ukiwa safarini?

Teja Mstaafu, Kisumu

Ukienda mji wenye kliniki, unaombewa barua mapema, unanywea huko. Butere hakuna. Na nyanya hakunipa notisi.