"Underestimate" na "underrate" kwa watu wa boti na magofu: tupeane uzoefu

Mtembeza wageni, Lamu: Vitenzi hivi viwili vyachanganywa kila siku gatini. "Underestimate" ni kukadiria chini ya ilivyo: muda, bei, umbali, kina. "Underrate" ni kutokipa kitu hadhi yake. "We underestimated the walk to Shela" ni sawa, njia imewatoa jasho. Ukisema "the walk is underrated" umeisifia. Leteni mnayokutana nayo.

Binti Malindi: Kweli kabisa. Magofu ya Gede ni "underrated", wageni wayapita mbio wakienda Watamu. Ukitaka "underestimate" lazima utaje kilichokosewa: ukubwa wake, au muda wa kuyazunguka.

Nahodha, Shela: Mwawapoteza vijana. "Don't underestimate him", huyo mtu ana futi ngapi?

Mtembeza wageni, Lamu: Nguvu zake, nahodha. Wamdhania dhaifu. Mchezaji hodari asiyetajwa na watu ndiye "underrated".

Nahodha, Shela: Hapo sawa. Basi mfano wenyewe ni magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Ule mkono wa mikokoni hauingiliki ila maji yakijaa. Ukiwaachia wageni magofuni na maji yashaanza kutoka, boti yakaa juu ya tope, na hapo hakuna kusukuma wala kuwasha mashine, maana panga ya mashine, ile isukumayo boti, itachimba tope na mashine ipate moto. Ni kungoja maji yapwe yote kisha yajae tena. Bamvua, yale maji makubwa, ndiyo hatari, yatoka kwa kasi. Tena kila siku yachelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa ya jana isikudanganye. "We underestimated how fast the tide goes out", watalisema wenyewe, tope magotini.

Kijana wa Kipungani: Si mwende maji mafu, yale madogo, yatoka polepole?

Nahodha, Shela: Maji mafu hayajai vizuri. Boti nzito haifiki hata hapo magofuni.

Kijana wa Kipungani: Boti nzito ya nini Takwa?

Maalim, Langoni: Rudini kwenye mada! Kitenzi "underestimate" mwishoni hutamkwa "-meit". Kikiwa nomino, "an underestimate", mwisho hufifia, karibu na "-mit". "Underrate" haina nomino ya namna hiyo. Tena msiseme "underestimate that". Semeni "how deep", "how long". Mtego mkubwa: "the danger cannot be underestimated". Ukiifuata neno kwa neno, hatari ni ndogo mno hata haishushiki zaidi. Anayeonya aseme "should not".

Binti Malindi: Waingereza wenyewe huikosea hiyo, maalim.

Maalim, Langoni: Wao hawafanyi mtihani wangu.

Muuza madafu: Kila kitu semeni "underrated", hata samaki wa jana. Bei haishuki.

Binti Malindi: Usiwafuate, mgeni akionja samaki utasema nini?

Kijana wa Kipungani: Na zile za "over"?

Mtembeza wageni, Lamu: Geuza tu. Umebeba lita 20 za petroli, zimetumika 12: "overestimated". Hoteli yasifiwa mno, chai yenyewe baridi: "overrated".