Nataka kumpeleka mama lanchi Naivasha kwenye zile hoteli kongwe za ziwani, bila kulala. Inawezekana?

Marangu_Juu:
Wakuu habari za leo. Mimi Mtanzania nafanya kazi Nairobi, mama yangu anakuja wiki ijayo na basi kutoka Moshi, anatimiza miaka 70 na Kenya yake yote aliyowahi kuiona ni soko la Taveta. Nimewaza nimpeleke Naivasha kwenye moja ya zile hoteli za kizamani, zile zenye bustani inateremka mpaka majini, migunga ya njano mirefu, maweita wamevaa koti jeupe na meza zina vitambaa. Kulala hapana, mshahara utaniuliza maswali. Tule mchana tu, apige picha, turudi.

Sasa naomba kujua, wanaruhusu mtu kuingia kula tu? Halafu bafe au menyu? Mama hali kitu asichokijua. Mwaka juzi nilimpeleka hoteli moja ya maana tu Arusha akaletewa samaki kafunikwa sosi nyeupe, akamtazamaa weeee, akaniuliza "huyu anaumwa nini mpaka kalazwa na shuka?" Hakumgusa. Na mavazi je, yeye atavaa kitenge na kilemba chake na raba za kutembelea maana miguu inamvimba, sitaki mtu amwangalie vibaya pale getini.

MamaWawili_Nakuru:
Karibu sana Kenya, na mama karibu. Kula tu wanakubali, watu wa Nairobi kila wikendi ndio hiyo wanafanya. Lakini piga simu mapema ubuku meza hasa kama ni Jumapili, na usiseme tu meza ya watu wawili, sema unataka ya nje kwa kivuli, hapana ya ndani, juu ukiachia wao watakuweka karibu na mlango wa jikoni na utakula ukiskia vyombo tu. Kuna zingine getini wanakuitisha pesa ya kuingia halafu hiyo pesa wanatoa kwa bili yako ukimaliza kula. Uliza kabla ya kulipa na ile risiti usitupe, ukitupa hiyo ni sadaka umetoa.

Mambo ya kitenge wacha wasiwasi kabisa. Mchana pale watu wanakuja na kaptura na ndala. Yeye ndio atakuwa amevaa vizuri kushinda wote.

Trei_Mkononi:
Mkuu nimebeba trei miaka nane kwenye moja ya hizo hoteli, sitaitaja jina. Nikwambie ukweli, bafe ukiamua kula, ule wa kwanza kwanza ikifunguliwa. Ukifika saa nane na nusu yale masufuria yameongezwa juu ya ya zamani mara tatu, nyama ya kuchoma imekauka pembeni, na saladi imeshaanza kutoa maji. Ukifika mapema ni chakula kingine kabisa, mkate una moto na mpishi ana hamu ya kukukatia kipande kizuri.

Ila kwa mama yako ningeacha bafe. Mwite weita, mtafute yule mzee mzee, kila hoteli kongwe anao wawili watatu walioanza kazi wakiwa vijana, msalimie vizuri umwambie mama anataka samaki mzima wa kukaanga, mkavu, na ugali, sosi ibaki jikoni. Kwenye menyu unaweza usimuone hivyo, atakuwa ameandikwa minofu sijui na siagi ya ndimu, lakini jikoni wanajua kumkaanga vizuri sana maana ndivyo wanavyokula wenyewe. Agiza mkikaa tu, msisubiri supu iishe. Na uliza ni samaki gani. Kama ni ngege, nyinyi mnaita sato, sawa. Kama ni kapu, yule samaki Waingereza wanamwita carp, huyo aliingia ziwani miaka ya 2000 mwanzoni na wavuvi wanampata kwa wingi, ni mtamu lakini miba yake ni balaa, mtu wa miaka 70 asimle huku anapiga stori.

Mkiona krefishi, wale wekundu kama kamba wenye mikasi, waliletwa ziwa hili 1970 na wazungu wanawapenda sana na siagi na kitunguu saumu. Agiza wewe, mama aangalie.

Halafu mtaona chakula kinachelewa, msikasirike. Jikoni iko mbali na bustani, sahani inatembea juani imefunikwa, na pembeni pale kuna kijana kasimama na manati, hachezi, kazi yake ni tumbili. Tumbili wa Naivasha anajua tofauti ya mkate wenye siagi na usio na siagi.

Sevis chaji ikiwa kwenye bili inagawanywa mwisho wa mwezi kwa wote na mengine huwa hatuyaoni. Ukitaka kumshukuru mtu mpe mkononi.

BeiGani:
Mnampamba huyu jamaa bure. Chakula pale ni cha kawaida, unalipia nyasi. Nenda Karagita pale bichi ya wananchi, samaki anakaangwa unamwona, ziwa ni lile lile, viboko ni wale wale. Mimi nilimfanyia wife bathidei kwenye hoteli moja ya hizo za koti jeupe, nikaja na keki yangu kutoka Nairobi, kufika wakanichaji pesa ya "kukata keki". Kisu chao, sawa, lakini keki ni yangu!! Nikasema basi nitaikata na mikono. Meneja akaja akanieleza ni utaratibu tangu zamani. Nililipa. Wife hakuongea mpaka Limuru.

MamaWawili_Nakuru:
@BeiGani 😂😂😂 hiyo ya keki ni kweli lakini wanaambia watu kwa simu ukiuliza. Na si kila siku ni siku ya Karagita bana, mama anafika miaka 70 mara moja.

Rubani_Mstaafu_Hewa:
Mkimaliza kubishana kuhusu keki mwambieni mama akikaa pale aangalie maji ajue hapo palikuwa ni eapoti. Miaka ya 1940 mwishoni mpaka 1950 ndege za BOAC, shirika la ndege la Uingereza, zile zinazoelea majini zinaitwa Solent, zilikuwa zinatoka Southampton Uingereza zinapita Misri, Sudani na Uganda, zinatua Naivasha kwenye ziwa, abiria wanashushwa kwa boti halafu wanapandishwa gari kwenda Nairobi. Ndio maana hoteli za hapo zina ile tabia ya chai ya saa kumi na vitambaa vya meza, wateja wake wa mwanzo walikuwa watu wa namna hiyo.

Njiani pita barabara ya chini ya Mai Mahiu, kuna kakanisa kadogo kwenye mteremko kalijengwa na mateka wa Kitaliano 1942, kazuri kwa picha. Kurudi ondokeni mapema kabla ya saa tisa, jam ya Jumapili jioni hapo haina huruma. Au mngoje kabisa giza, lakini basi msitembee wenyewe bustanini, viboko wanatoka majini kula majani, mnaita askari na tochi awapeleke mpaka kwenye gari.

Marangu_Juu:
Wakuu nimerudi kutoa ripoti maana mlinisaidia sana. Tumeenda jana. Nilibuku meza ya kivulini, nikapewa. Mama alishuka kwenye gari akakuta wanyama wawili wakubwa wana pembe wanakula majani pale pale karibu na meza, kumbe ni kuro, akauliza kwa sauti "hawa mbuzi wa nani hawajafungwa?" Weita mzee akacheka akamjibu "wa serikali, mama." Hapo hapo wakawa marafiki. Wakaanza kuulizana watoto wangapi, wajukuu wangapi, mimi nikawa kama dereva.

Samaki alikuja mzima, sato, mkavu, amechanjwa mbavuni, ugali umekaa kwenye bakuli la udongo, na sosi imeletwa pembeni kwenye kikombe kidogo "kwa heshima ya mpishi". Mama akainusa, akaisogeza kwangu. Visu na uma akavipanga vizuri pembeni akaomba maji ya kunawa, na yule mzee akaleta beseni na jagi kama tuko kwenye msiba, amekunja kitambaa mkononi, akamnawisha. Meza ya jirani wazungu wakaacha kula wakawa wanaangalia, baadaye na wao wakaomba.

Krefishi niliagiza mimi. Mama kaangalia akasema hicho ni mdudu. Tumbili mmoja alifanikiwa kuchukua mkate, yule kijana wa manati alikuwa anaangalia simu.

Bili sitaisema hapa, mama aliniuliza nikamwambia elfu moja, akasema ni ghali lakini sio mbaya. @BeiGani keki sikupeleka.

Trei_Mkononi:
Kichwa cha samaki alimaliza?

Marangu_Juu:
Mpaka macho.