Discovery ya Uingereza: ukaguzi wa miaka 9 ninao mkononi, mbona nasita?

MamaDagaa
Mwangaluka wakuu. Nauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wateja wangu wa Sengerema na Geita wameongezeka, nami nimechoka kukodi. Nimeonyeshwa Land Rover Discovery 3 ya dizeli, ya 2007, ipo Pasiansi, mwenyewe anataka milioni 28. (Msianze kunicheka. Mzigo unapanda Fuso, hii ni ya kufuatia madeni yangu.)

Gari ilitoka Uingereza mwaka 2020. Kwenye bahasha ya nyaraka nikakuta karatasi yao ya usajili yenye namba ya kule. Mdogo wangu akaiingiza kwenye tovuti ya serikali yao, bure kabisa, ukaguzi wote ukajifungua, ule wanaouita MOT. Wa kwanza 2010, maili 38,000. 2014, maili 86,000. Wa mwisho 2019, maili 143,000. Inapanda tu, haijarudi nyuma hata mara moja. 2016 ilifeli kwa paipu za breki kuliwa na kutu, siku mbili baadaye ikafaulu. 2017, 2018 na 2019 waliandika onyo lilelile: oili inavuja.

Leo dashibodi inasoma 146,000. Dalali anaapa ni kilomita. Nikamwambia kaka, hizo ni maili, akacheka. Niichukue?

Mgeni_Ilemela
Dada, milioni 28 unapata Toyota ambayo spea zake ziko kila duka. Ya nini kujitafutia presha?

MamaDagaa
Ushauri nimeupokea, ila swali langu liko palepale.

Nyakato_Birmingham
Nimekaa kule miaka sita, nimepeleka gari MOT kila mwaka. Gari ndogo mpya inasubiri miaka mitatu, kisha ukaguzi ni kila mwaka, ndiyo maana yako inaanzia 2010. Sasa elewa hiki, dada: wanaangalia breki, taa, tairi, usukani, kutu, moshi. Hali ya injini, klachi na giaboksi haimo. Kwa hiyo gari inaweza kufaulu asubuhi na giaboksi ikafa jioni, na mkaguzi hana kosa. Oili kuvuja ameandika kwa sababu imemdondokea machoni akiwa chini ya gari.

Mimi kufeli kwa 2016 hakunitishi. Mtu aliambiwa, akatengeneza ndani ya siku mbili. Kinachonitisha ni onyo moja kujirudia miaka mitatu. Mwenye gari wa kule alishaamua kuiuza, akawa anasukuma siku. Na kutu ya kule si mchezo, barabara wanazimwagia chumvi wakati wa baridi. Je, neno la kutu kwenye chesisi limo?

MamaDagaa
Limo, 2018 na 2019. Nilidhani ni kawaida.

Spana_Mabatini
Mayu, mimi ni fundi, sijui Kiingereza cha hao wazungu ila hesabu naijua. Umesema 2019 ilikuwa 143,000 na leo 146,000. Tofauti ni maili 3,000, yaani hazifiki kilomita 5,000. Huyo mwenye gari ana shughuli gani?

MamaDagaa
Ana duka la vifaa vya ujenzi Geita. Anakwenda kila wiki, mwenyewe kaniambia akijisifu gari haijawahi kumlaza njiani.

Spana_Mabatini
Basi umeshajibiwa. Geita kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 200. Hizo 5,000 ni safari 24 au 25 tu, zimeisha kabla mwaka wa kwanza haujafika nusu. Historia ya Uingereza ni ya kweli, lakini imekomea Uingereza. Ukiridhika na hiyo, hutauliza ya huku. Ama mita ilikufa ikafungwa nyingine, ama imechezewa.

Huku hatuna tovuti, lakini tuna vikaratasi. Gereji ikimwaga oili inaandika namba ya mita kwenye kikadi, inakining'iniza kwenye injini au inakibandika mlangoni. Watu husafisha gari wakasahau vikadi. Fungua boneti, angalia chini ya viti, kwenye kabati la dashibodi. Kisha ilete kwenye shimo, nigonge chesisi kwa nyundo, upande wa nyuma hasa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinabubujika unga. Uliza pia mkanda wa taimingi umebadilishwa lini. Akisema "upo vizuri" bila karatasi, hesabu haujawahi kubadilishwa.

Nyakato_Birmingham
Fundi kamaliza. Hapo kwenye mita mimi sikupaona kabisa.

MamaDagaa
Narudi wakuu. Leo nimekwenda peke yangu, dalali hakuwepo. Chini ya kiti cha abiria kuna vikadi viwili vya oili. Kimoja hakisomeki, kimelowa. Cha pili ni cha 2023, kimeandikwa 168,400. Nimekipiga picha, nimemtumia mwenye gari na swali moja tu: hii namba imekwenda wapi?

Tiki mbili za bluu tangu saa nne asubuhi. Sasa hivi ni saa kumi na moja.