Gauni la Bibi na ule ukanda mweusi

Zuhura: Shikamooni wakubwa zangu. Naleta kwenye kundi letu la simu shauri ambalo mimi na Idrisa tumelizungusha wiki nzima na bado tuko pale pale. Lile gauni la kitenge alilonipa Bibi siku alipofungua kasha lake ningependa kulivaa katika harusi ya Jumamosi, lakini kiuno kinanipwaya, na fundi wetu wa hapa Magomeni yuko tayari kukipunguza. Mume wangu hataki. Anasema likishapitiwa na mkasi halitakuwa tena gauni la Bibi.

Idrisa: Nawaamkia nyote. Sijakataa mke wangu apendeze. Kilichotukutanisha sisi wawili ni mapenzi haya haya ya vitu vya zamani: tulikuwa soko la mitumba la Karume alfajiri, belo limefunguliwa, na sote tukashika koti moja la suti, kila mtu mkono wake, na hadi leo koti lile tunalivaa kwa zamu. Ila gauni hili si la mtumba. Naamini kitambaa chake ni cha Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968, na ule ukanda mweusi ulioshonwa chini kwenye pindo ni mtindo wa enzi zile ambao mafundi wa leo hawaushoni tena. Nimelitundika ukutani, mbali na jua, na kila Ijumaa nalifukizia udi ili lisishike ukungu.

Shangazi: Marahaba wanangu. Gauni limetundikwa ukutani katika nyumba ya vyumba viwili, na nilipokuja Idi sikuona hata mahali pa kuweka mkoba wangu. Nyinyi mnalala wapi?

Zuhura: Tunalala, Shangazi, ila mlango wa kabati haufunguki wote. Tatizo letu si kwamba mmoja anapenda na mwingine anavumilia, maana tunapenda vitu vile vile, lakini hatuvipendi kwa namna moja. Mimi kitu cha zamani nakitaka kifanye kazi. Ile cherehani ya miguu ya Singer nimeisafisha, nimeitia mafuta na mkanda mpya wa ngozi, na ndiyo iliyoshona mapazia yetu yote. Mwenzangu aliona kwenye kibati chake namba inayoanza na herufi E, akanieleza kwa saa nzima habari za kiwanda cha Singer cha Clydebank kule Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980, kisha akaniomba niache kuitumia.

Idrisa: Nilikuomba usiitumie usiku, mke wangu, kwa sababu ya majirani.

Mjomba: Kwa kuwa tumefika huko, naomba santuri zile zilizolazwa chini ya kitanda zisimamishwe wima, kwani kwa joto hili la Dar es Salaam zitapinda zote. Sasa tumsubiri mwenye gauni.

Salma: Bibi amekaa pembeni yangu, ananitamkia niandike, na amenikataza kupunguza neno. Anasema hivi:

Marahaba. Mume wangu Idrisa, kwanza kitambaa hicho si cha Urafiki. Gauni nililishona mwaka 1967, kiwanda kikiwa hakijafunguliwa, na kitambaa babu yenu alikinunua katika duka moja mtaa wa Uhuru, ambao sisi tulikuwa bado tunauita Kichwele. Pili, ukanda huo mweusi si mtindo. Gauni lilikuwa linaishia juu ya magoti. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza kupiga marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, na operesheni yenyewe ianze tarehe 1 Januari 1969, lakini wapo vijana ambao hawakuingoja Januari, wakawa wanawashusha wasichana kwenye mabasi pale Kariakoo kwa sababu ya nguo fupi. Babu yenu hakunikataza kulivaa. Alikata mguu wa suruali yake nyeusi, akaniletea kile kitambaa pamoja na sindano, nami nikaongeza pindo usiku ule ule. Geuzeni ukanda kwa ndani mtauona mstari wa pasi wa suruali ile. Kiuno nacho nilikiachia mwaka 1971, nilipokwisha kumzaa mama yake Zuhura. Kwa hiyo gauni mnalolilinda lilishafumuliwa mara mbili kabla nyinyi hamjazaliwa.

Idrisa: Bibi, nimelishusha sasa hivi nikaligeuza chini ya taa. Mstari wa pasi upo, umenyooka kabisa. Nimekuwa nikiwaonyesha wageni ukanda huu kwa miaka miwili na kuwaeleza mambo ambayo kumbe nilijitungia mwenyewe.

Shangazi: Basi kama ulitiwa kwa woga, si ufumuliwe tu, lirudi lilivyokuwa? Leo nani atamshusha mtu kwenye daladala?

Zuhura: Hapana, Shangazi, ukanda haufumuliwi. Suruali nyingine ya Babu hatuna.

Idrisa: Nami kuhusu kiuno nimerudi nyuma. Ombi langu ni moja: fundi asikate. Apige bandi kwanza, ule mshono wa muda, Zuhura alivae kulijaribu, kisha mshono mpya upite ndani ya ule wa zamani na kitambaa kinachozidi kibaki humo humo, ili siku moja atakayelihitaji aliachie tena.

Salma: Bibi anasema hivyo ndivyo alivyofanya yeye, na kwamba kama asingeacha kitambaa cha akiba ndani, mwaka 1971 gauni lingekuwa matambara ya kufutia taa. Anasema pia: mke mwenzangu, chukua uzi wa pamba, kwa sababu ule wa nailoni hula kitambaa kilichochoka.

Zuhura: Ahsante, Bibi wangu. Nitampelekea fundi Alhamisi, na Idrisa atakuja kumsimamia, maana najua hata nikimkataza atakuja.

Salma: Bibi ameongeza jambo. Anasema mume wake akipita huku aje na tochi, kwa sababu yale mawigi aliyoyaficha mwaka ule bado yako chini kabisa ya kasha, na yeye mgongo hauinami tena.

Idrisa: Mawigi, Bibi? Mangapi?

Zuhura: Salma, tafadhali usimjibu.