Tupeane uzoefu: fangasi za ngozi, kichwa na kucha. Vipimo, dozi na kwa nini zinarudi

MfamasiaKona
Habari za jamvini wakuu. Uzi huu ni wa wanaoshika fangasi kila siku: maabara, famasi, kliniki za ngozi, hata vinyozi. Habari za jirani aliyepaka kitunguu saumu akapona tuziache pembeni. Weka kipimo, dozi, muda, na kinachoharibu kazi. Naanza na dirishani.

Choa cha mwilini au kinenani hakihitaji dawa ya bei kubwa. Klotrimazoli 1% asubuhi na jioni, ngozi ikiwa safi na kavu. Paka hadi sentimita 2 nje ya ukingo wa doa, maana fangasi walio hai wako ukingoni na wanaendelea kusogea. Katikati panapoonekana pamepona wameshapapita. Ni wiki 2 hadi 4, na doa likipotea ongeza wiki moja. Wengi huacha muwasho ukiisha, ndani ya siku chache tu, kisha wanasema dawa ni feki.

Mafuta ya Whitfield (asidi ya benzoiki 6%, asidi ya salisiliki 3%) yanadharauliwa bure. Kwenye ngozi ngumu ya nyayo yanafanya kazi nzuri kwa bei ya chini. Ila usoni, kinenani na penye vidonda usipake, yanaunguza.

Sasa balaa lenyewe: tyubu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi kali humo humo. Muwasho unakatika siku ya pili na mteja anarudi kushukuru. Kilichotokea ni kwamba steroidi imetuliza wekundu kwa kuilaza kinga ya ngozi, na fangasi wanatambaa bila kusumbuliwa. Akiacha kupaka, kinarudi kikubwa kuliko mwanzo, ukingo umefutika, vipele vimeingia kwenye vinyweleo, na hata daktari anaweza kudhani ni pumu ya ngozi. Kinenani steroidi huacha michirizi isiyofutika. Someni viambato: ukiona betamethasoni, klobetasoli au deksamethasoni, usiuze kama "dawa ya fangasi". Na muulizeni mteja kuhusu krimu za kung'arisha ngozi, nyingi zina klobetasoli hiyo hiyo.

Lenzi40
Nakazia kwa upande wa maabara. Kipimo cha KOH (potasiamu hidroksidi, kimiminika kinacholainisha magamba ili fangasi waonekane kwa hadubini) ni rahisi na majibu hutoka siku hiyo hiyo, lakini sampuli mbovu inakiua.

Futa sehemu kwa spiriti ya 70% kwanza, iache ikauke. Hatua hii inaondoa mafuta na krimu zinazojaza matone kwenye kioo. Kwangua ukingoni penye magamba kwa ubapa wa kisu namba 15, magamba yaangukie kwenye karatasi safi au slaidi. Usikwangue katikati. Weka tone la KOH 10% hadi 20%, funika, subiri dakika 10 hadi 20. Unaweza kupitisha slaidi juu ya moto mdogo, lakini ikichemka KOH inaganda fuwele na huoni kitu. Kucha inahitaji KOH nzito na muda zaidi, saa kadhaa au mpaka kesho yake. Anza na lenzi ya 10, mwanga ukiwa umepunguzwa, kisha 40. Unatafuta nyuzi zenye upana sawa, zina vikuta ndani, zinatoa matawi, na zinakatiza mipaka ya seli. Wageni wa kazi huripoti nyuzi za pamba na mistari ya kuta za seli kuwa fangasi. Uzi wa pamba hauna vikuta, na mistari ya seli inafuata umbo la seli.

Mabaka ya mgongoni na kifuani yanaonyesha kitu kingine: vipande vifupi vilivyopinda katikati ya vishada vya chembe za mviringo. Huyo ni fangasi aitwaye Malassezia, haambukizwi kama choa.

Jibu "hakuna fangasi" lisiwe mwisho wa habari. Mgonjwa aliyepaka dawa jana yake hutoa sampuli tupu. Mwambieni aache krimu wiki moja au mbili ndipo aje. Kuotesha fangasi kwenye Sabouraud (chakula cha kuoteshea maabara) kunachukua hadi wiki 4, na kunafaa zaidi pale dawa iliyotumiwa sawasawa imeshindwa.

Dokta wa Ngozi
Mapunye yana kanuni moja ambayo watu hawaipendi: dawa ya kupaka peke yake haiponyi. Fangasi wako ndani ya unywele na shina lake, krimu haifiki huko. Mtoto anapakwa miezi mitatu, anaambukiza wadogo zake, mama anaambiwa ana uchafu.

Mtoto mwenye magamba kichwani, nywele zilizokatika na tezi nyuma ya shingo, mtibu kama mapunye huku ukisubiri majibu. Kipara laini kisicho na magamba kabisa, fikiria ugonjwa mwingine. Kwa sampuli, kwangua magamba na ng'oa vile vishina vilivyokatika, si nywele nzima nzuri. Taa ya Wood (ya mwanga wa urujuanimno, inayong'arisha baadhi ya fangasi) isikudanganye: Trichophyton violaceum, anayeonekana sana kwetu Afrika Mashariki, hukaa ndani ya unywele na hang'ai. Anayeng'aa kijani ni Microsporum.

Griseofulvini ni miligramu 10 hadi 20 kwa kilo kwa siku, wiki 6 hadi 8. Mtoto wa kilo 18 ukimpa vidonge viwili vya 125 uko ndani ya dozi. Imezwe na chakula chenye mafuta, kama maziwa, karanga au parachichi, la sivyo sehemu kubwa inapita bila kufyonzwa. Hili ndilo kosa namba moja, na halionekani kwenye cheti. Terbinafini inakwenda kwa uzito: chini ya kilo 20 robo ya kidonge cha 250, kilo 20 hadi 40 nusu, zaidi ya hapo kizima, kwa wiki 4. Kwa Trichophyton ni nzuri. Kwa Microsporum griseofulvini inashinda. Griseofulvini hapewi mjamzito, na baba anayeinywa asitafute mtoto mpaka ipite miezi 6 tangu amalize.

Shampuu ya ketokonazoli 2% mara mbili kwa wiki, povu likae dakika 5. Haiponyi, inapunguza mbegu zinazoambukiza, kwa hiyo waoshe na ndugu wanaolala naye. Akishaanza vidonge arudi shule.

Na jamani, uvimbe laini unaotoa usaha kichwani mwa mtoto mwenye mapunye msiupasue. Ni kinga ya mwili inavyowashambulia fangasi, si jipu. Kisu kinaacha kovu lisiloota nywele.

Mwalimu wa Vinyozi
Dokta, na upande wetu wa vinyozi: kuwasha spiriti mara moja juu ya mashine iliyojaa nywele ni maonyesho tu. Kwanza fungua meno, piga brashi nywele zote zitoke, ndipo upake spiriti ya 70% na uiache ikauke yenyewe. Vichana vya plastiki loweka dakika 10 kwenye jiki, sehemu 1 kwa maji 9, kisha suuza. Jiki kwenye chuma hapana, inakula meno ya mashine. Mteja mwenye mapunye mnyoe mwisho.

MfamasiaKona
Kwenye kucha niongeze kidogo. Mateso mengi ya miaka ni kutibu kucha ambayo haina fangasi: soriasisi na kuumia na viatu vinafanana nayo. Pima kwanza. Ikithibitika, terbinafini miligramu 250 kila siku, wiki 6 kwa vidole vya mikono, 12 kwa miguu, na kipimo cha ini kabla ya kuanza. Kucha ya mguu inaota mpya kwa miezi 12 hadi 18, kwa hiyo baada ya vidonge kwisha bado itaonekana mbaya. Vidonge vya ketokonazoli acheni. Tangu 2013 Ulaya ilivisitisha na Marekani ikavibana kwa sababu ya ini.

Sista Mkunga
Ukeni kwa ufupi: uchafu mweupe wenye muwasho si fangasi kila mara. Pima pH (kiwango cha asidi). Fangasi kwa kawaida iko chini ya 4.5; ikizidi hapo na kuna harufu ya samaki, tafuta kitu kingine. Klotrimazoli ya ukeni miligramu 500 mara moja inatosha, na ndiyo jamii ya dawa ya mjamzito, ila kwake zitumike za 100 kwa siku 7. Flukonazoli ya kumeza mjamzito asipewe. Inayorudi mara 4 kwa mwaka: pima sukari na VVU kabla ya kuandika dawa nyingine.

CTC Usiku
Mmesahau fangasi anayeua: kriptokokasi, anayeshambulia ubongo na utando wake. Mgonjwa wa VVU mwenye CD4 (seli za kinga) chini ya 100 apimwe CrAg (antijeni ya kriptokokasi) ya damu hata kama hana dalili. Kistripu kinasomwa dakika ya 10. Mgonjwa mahututi akitoka hasi, rudia kwa sampuli iliyozimuliwa, maana antijeni ikizidi mno kistripu hushindwa kuonyesha mstari.

CrAg chanya, chukua maji ya uti wa mgongo. Yakiwa safi, flukonazoli miligramu 800 hadi 1200 kwa siku kwa wiki 2 za mwanzo, kisha dozi inashushwa. Yakiwa na kriptokokasi, mwongozo wa WHO wa 2022 ni amfoterisini ya liposomu dozi moja ya miligramu 10 kwa kilo, pamoja na flusitosini 100 kwa kilo na flukonazoli 1200 kila siku kwa siku 14. Msingi wake ni utafiti wa AMBITION, uliofanyika Uganda, Malawi na nchi nyingine tatu za Afrika.

Kinachoharibu ni vitu viwili. Presha ya maji ya uti wa mgongo haipimwi: ikizidi sentimita 25 za maji, toa maji ishuke chini ya 20, na rudia kila siku kama kichwa bado kinauma. Cha pili ni haraka ya ARV. Subiri wiki 4 hadi 6. Kuanza mapema kuliko hapo kumeonekana kuongeza vifo.