Tupeane uzoefu: Windows 8 kwenye kompyuta zetu za Unguja na Pemba

Fundi, Mlandege

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tangu Microsoft waitoe Windows 8, mfumo wa kuendeshea kompyuta, tarehe 26 Oktoba 2012, wanaonunua laptopu mpya wananirudia na swali moja: kitufe cha Start kimekwenda wapi? Kimeondolewa. Ukiwasha unapokewa na ukurasa mzima wa vigae vya rangi, vikubwa vya kugusika kwa kidole, na desktopu tuliyoizoea imekuwa kigae kimoja tu kati ya hivyo. Kitufe kile tulikuwa nacho tangu Windows 95, watu wamezeeka nacho.

Wengi wananiambia, "Nitolee hii, nirudishie Windows 7." Sipendi kumtolea mtu kitu kabla hajakijua, wala sitamsifia kwa sababu ni kipya. Naomba aliyeitumia mwenyewe, kazini au nyumbani, aseme aliyoyaona. Ya kusikia tuyaache.

Naanza mimi. Ukikopi mafaili kutoka sehemu tofauti, yote sasa yanaonekana katika dirisha moja, na unaweza kusimamisha moja likapisha jingine. Task Manager, dirisha la kusimamia programu zilizowashwa, inakuonyesha wazi programu ipi inakula mashine. Kinga ya virusi imo ndani yake tangu mwanzo, na kwa flashi zetu zinavyozunguka mkono kwa mkono, hilo si dogo. Uzito haujazidi wa 7: inataka RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 1 kwa toleo la biti 32, GB 2 kwa la biti 64. Nyumba ni nzuri, mlango ndio unaonitatiza.

Maalim, Chake Chake

Waalaykum salaam. Mimi nasomesha kompyuta watu wazima, makarani na akina mama. Hawa hawakuhifadhi majina, wamehifadhi mahali: kona ya chini kushoto, bonyeza, panda juu, chagua. Kona hiyo sasa tupu. Mpaka upeleke maus kwenye ncha yake ndipo kijipicha kitokee, na mkono ukitetemeka kidogo kinapotea. Kuzima ndiko kulikowatesa zaidi. Uende kona ya kulia, usubiri mstari wanaouita Charms ujitokeze, uingie Settings, kisha Power, ndipo upate Shut down. Bi mmoja, umri wa mama yangu, aliniambia, "Maalim, nilikuwa najua, sasa sijui tena." Yalinichoma maneno yale, maana alikuwa anajua kweli, na bidii yake naijua.

Nikaziacha kona, nikasomesha kwa kibodi. Kitufe chenye alama ya Windows pamoja na D, uko desktopu. Pamoja na X, unapata orodha ya mambo ya kifundi kama Control Panel. Pamoja na I, unafika moja kwa moja penye Power. Na ukiwa kwenye vigae usitafute kitu kwa macho: anza tu kuandika jina la programu, herufi chache, inakuja yenyewe. Hili la mwisho walilishika siku ile ile, na wapo wanaoniambia ni bora kuliko zamani.

Mwenye steshenari, Wete

Kwangu shida si Start. Mteja analeta flashi, barua yake ni PDF, naifungua, inajaa kioo kizima. X ya kufungia haipo, pa kuprintia hapaonekani, na watu wamesimama mlangoni wanasubiri. Kumbe kuprinti kumewekwa kwenye Charms, chini ya Devices. Kijana wangu wa kazi akawa anaizima mashine nzima ili apate kutoka!

Dawa yake: Alt na F4, au shika ukingo wa juu wa kioo uuburute mpaka chini. Kisha nikaweka Adobe Reader, nikaiteua iwe ndiyo inayofungua PDF zote. Picha nazo nimezifanyia vivyo hivyo. Sasa mashine hii naipenda kuliko zote za dukani, inawaka upesi mno.

Fundi, Mlandege

Bi mkubwa, upesi huo una siri yake. Ukiizima, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski badala ya kufungwa, na ukiwasha hurudishwa kilivyo. Kwa hiyo umeme ukikatika ghafla, safari hiyo itaanza tangu mwanzo. Na kama printa inakugomea, tumia Restart. Hiyo ndiyo inayoanza upya kweli, kuzima na kuwasha hakutoshi.

Mwanafunzi, Tunguu

Kilaptopu changu kina kioo cha nukta 1024 kwa 600. Vigae vinatokea, ila kila programu ya vigae nikiifungua inakataa, inataka angalau 1024 kwa 768. Kuweka mbili ubavu kwa ubavu wanataka upana wa 1366. Nimerudi 7. Wenye vilaptopu kama hivi msijisumbue.

Mapokezi hotelini, Nungwi

Sisi mapokezi tuna kompyuta ya kioo cha kugusa, na hapo ndipo nilipoielewa. Mgeni anafika, anasogeza ramani na picha kwa vidole, hakuna aliyemfundisha. Ni raha. Lakini programu ya kuandikia vyumba ni ya desktopu, vitufe vyake vidogo, kidole kinagusa viwili kwa pamoja. Basi huku kidole, huku maus, siku nzima.

Jingine ni bando. Vigae vya habari na hali ya hewa hujibadilisha vyenyewe, na kila vikibadilika vinavuta intaneti. Bonyeza kigae kwa kitufe cha kulia cha maus, chini patatokea pa kukituliza.

Mama wa nyumbani, Jang'ombe

Mume wangu kaleta laptopu mpya. Tumekaa na mawifi tutazame DVD ya harusi ya mdogo wangu, haichezi, na nakala ni hiyo hiyo moja. Imekufa?

Fundi, Mlandege

Haijafa, dada yangu. Windows 8 haikuwekewa uwezo wa kucheza DVD za video. Weka VLC, programu ya kuchezea video, ni ya bure, itacheza. Na madhali nakala ni moja, ikopi kwenye kompyuta kabla hamjaendelea kutazama.

Kwa wenye ofisi wanaoniuliza: wafanyakazi wakishindwa kabisa, nawawekea Classic Shell, inarudisha Start mahali pake na mazuri ya ndani yanabaki. Ninachokataa ni kumrudisha mtu Windows XP, ile ya kabla ya 7. Microsoft waliacha kuitolea marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. 

Wa Mkoani na Makunduchi bado sijawasikia. Na kama yupo mwenye skana ya zamani aliyoifanikisha kwenye 8, aeleze alifanyaje, ninayo moja hapa ya mteja.